Mti Usiosikia Jogoo

Baba mkwe wangu, Vendelín, hakulia hata siku tunamzika mama yake. Alikuja kulizwa na filimbi.

Tena filimbi niliyoitengeneza mimi.

Hapa kwetu, chini ya mlima Poľana, mzee hutengeneza fujara, zile filimbi ndefu za wachungaji, unapuliza umesimama na ncha iko karibu na kiatu. Karakana ni chumba cha nyuma ya jiko. Mikono ilishaanza kumtetemeka, akawa anatafuta wa kumrithisha keekee zake za kutobolea, alizozifua babu yake.

Nilizitaka kufa mtu. Imrich, mpwa wake, naye alizitaka.

"Mwenye filimbi bora atachukua," mzee alisema. "Ila mti uwe haujawahi kusikia jogoo. Mti ukisikia jogoo, filimbi inapayuka."

Imrich akanicheka. "Shemeji, huko juu utaliwa na dubu!"

Nilipanda hivyo hivyo, theluji magotini. Nikakata mti wa baza, ule wenye moyo laini tunaochongea fujara, kule ambako hata mbwa husikii. Nikaukausha miaka.

Siku ya kuutoboa, nimekaribia katikati, kaa! Ukapasuka.

Mama mkwe, Blažena, akanikuta nimejiinamia. Akapanda darini, akashuka na kipande kikavu, kimenyooka.

"Chukua. Usiniulize."

Sikuuliza. Nikatoboa, nikachonga.

Jumapili Vendelín akapuliza ya Imrich, akakohoa. Akapuliza yangu. Akafumba macho. Machozi yakamtiririka hadi kwenye masharubu.

"Huu ni mlima," akasema. "Huu haujui jogoo."

Keekee zikawa zangu. Imrich akaondoka bila kugusa supu.

Jioni nikambana Blažena. "Mama, mti ule ulitoka wapi?"

"Nyuma ya banda la kuku."

Nikamfuata mzee karakana, nikamwambia yote, nikamwekea keekee zake mezani.

Hata hakushtuka.

"Unadhani nani aliukata? Nyonga hii imenikataza mlima tangu mkeo Hedviga yuko shule. Filimbi zangu zote zinatoka pale bandani."

"Sasa Baba, mlimani ulinituma nini?"

"Ningekuonyesha pale bandani, ungeubakiza mti wangu, wewe?"

"Na yale machozi?"

"Kile kilikuwa kipande changu bora, nimekificha miaka. Ulitaka nicheke?"

Akanirudishia keekee.

Ndugu msomaji, fundi akikutuma mbali sana, nenda, usimbishie. Ila ukirudi, chungulia nyuma ya nyumba yake.