Nilivyomsomea mgeni rasmi risala ya kijiji kwa Kiswahili cha habari za bendi

Wakuu, habari za jioni. Vijana wa humu wanaotaka kuniamkia, marahaba, nimeshapokea zote kwa pamoja.

Ninachosimulia kilitokea, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele za watu. Asiyeamini aje Katubuka, hapa Kigoma, aulizie nyumba ya mstaafu yenye tanki la maji juu ya nguzo, nimsimulie upya na chai juu.

Kwanza mnijue. Nina stashahada, na niliipata wakati ambao mwenye stashahada akipita mtaani watu wanashusha sauti ya redio. Nimefanya kazi mikoa ambayo wengine mnaiona kwenye taarifa ya habari tu. Sikuwa na mjomba ofisini. Nilirudi Kigoma kwa hiari yangu na nikajenga kwa jasho langu.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Mimi ni Muha wa Kagunga, kule mpakani. Nyumbani tulisema Kiha, na Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha kununulia chumvi. Nilipopelekwa Ujiji kusoma, nikafikia kwa shangazi yangu Zuhura, aliyeolewa na fundi cherehani wa pale. Fundi alikuwa na redio.

Siku moja nikasikia kipindi cha habari za wanamuziki. Bendi ipi imepata mpiga gitaa mpya, nani kahama, nani karudi, ukumbi gani ulifurika.

Wakuu, mimi hata hizo bendi sikuzijua. Kilichonikamata ni maneno. Yule mtangazaji hakusema bendi imepiga vizuri. Alisema imekonga nyoyo. Mwanamuziki hakuja, alivamia jukwaa. Na akikaa kimya muda kisha akatoa wimbo, huyo amerejea kwa kishindo.

Nikasema Kiswahili ndiyo hiki. Kile cha chumvi nikakiacha hapohapo.

Nikaanza kujifunza kwa utaratibu wangu mwenyewe. Nikilisikia neno, naliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la shangazi, na siku hiyohiyo lazima nilitumie. Magazeti nayo yalikuja na treni yakiwa yamechelewa, lakini habari za burudani hazichachi. Nikienda soko la Mwanga nilikuwa nachagua muuza dagaa kwa kuangalia karatasi anayofungia. Mwenye ukurasa wa burudani ndiye niliyenunua kwake, hata kama dagaa wake wana mchanga.

Shangazi aliteseka kidogo.

"Shangazi, ugali wa leo umekonga nyoyo."

"Umekonga nini? Kula, we mwana, unapoa."

Basi. Nikamaliza shule na kurudi kwa wazazi. Wakati huo walikuwa wameshahamishwa kutoka Kagunga na kupangwa kwenye kijiji cha ujamaa, mbali kidogo na ziwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Kashindi, mtu mkali, mfupi, anayetembea kama anachelewa treni.

Ikaja habari kwamba kila kijiji kitoe jina la kijana mmoja apelekwe chuo cha ushirika. Kijiji kizima, jina moja. Mimi nililitaka kuliko chakula. Tatizo, mwenyekiti alikuwa na mpwa wake, kijana mpole aliyeandika vizuri, na jina lake lilikuwa mdomoni kwa mjomba wake siku zote.

Wiki hiyohiyo tukaambiwa mkubwa wa mkoa anakuja kutembelea kijiji. Kwa wale mliozaliwa juzi: enzi zile mgeni wa serikali haondoki mpaka asomewe risala. Risala ina mapishi yake. Unamshukuru mgeni, unataja mafanikio, unataja matatizo kwa upole, unaomba bati, unamaliza. Mgeni anasinzia katikati na hakuna anayemlaumu.

Mzee Kashindi akaniita.

"Wewe umesoma Ujiji. Wanasema una maneno."

"Ninayo, mzee."

"Andika risala uisome mwenyewe. Ikipendeza, jina lako linakwenda chuoni. Ukiniaibisha, utalima mihogo hapa mpaka uote mizizi."

Niliandika usiku na mchana. Hakuna neno la ukutani kwa shangazi lililobaki nje. Mwenyekiti hakuipitia kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mguu, na hakutaka mtu ajue.

Siku ikafika. Banda la majani ya migomba, ngoma, kina mama na vigelegele. Mgeni rasmi akaketi katikati. Kulia kwake Mzee Kashindi, kushoto mwenyekiti wa kijiji jirani, Mzee Ruhaga, aliyealikwa kwa heshima. Mimi nikavamia jukwaa.

Naikumbuka neno kwa neno:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, kikosi chetu machachari cha wapiga jembe, kinachotamba bonde lote, msimu huu kimeibuka na mihogo mipya inayokonga nyoyo za walaji wa rika zote."

Watu wakatazamana. Mgeni akafungua macho. Nikajua imeingia.

"Baada ya kimya cha muda mrefu, kisima chetu kimerejea kwa kishindo. Naye mwenyekiti wetu, gwiji asiye na mpinzani, anatarajiwa kufanya ziara kabambe ya kukagua vyoo."

Mzee Kashindi akakohoa. Mimi nikaenda kwenye kipande nilichokuwa nakionea fahari kuliko vyote:

"Aidha, katika kujiimarisha, kijiji chetu kimefanikiwa kumnyakua mkulima nyota, Mzee Bukuru, kutoka kijiji cha jirani, baada ya mvutano mkali. Habari za kuaminika zinadokeza kuwa wengine wako mbioni kumfuata."

Hapa lazima nisimame niwaeleze.

Kwenye habari za bendi, kumnyakua mpiga gitaa wa wenzako ni ushindi, unatangazwa kwa sauti ya juu. Lakini kwenye vijiji vya ujamaa familia ilipangwa mahali na kuhesabiwa hapo. Kuhama bila kibali lilikuwa kosa, na kumpokea aliyehama lilikuwa kosa jingine. Mzee Bukuru alikuwa amehamia kwetu kimyakimya, na wenyeviti wote wawili walikubaliana kunyamaza. Mimi nilijua amekuja. Kwamba ni siri sikuwazia, akili yangu yote ilikuwa kwa wanamuziki.

Mgeni akainua mkono. "Rudia hapo."

Wakuu, bendi ikiombwa kurudia kibao maana yake imependwa. Nikarudia kwa sauti nene zaidi, na kwenye "mvutano mkali" nikaweka na mkono.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza zamani. Mzee Ruhaga alikuwa anatazama viatu vyake. Mama yangu, kwenye mkeka wa mbele, akasema polepole kwa Kiha, "Mawe," yaani mama yangu wee, akajifunika uso kwa kanga.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaliona jina langu likiondoka na mpwa wa mwenyekiti akiwa amelipanda kama baiskeli.

"Huyo nyota yupo?" mgeni akauliza.

Mzee Bukuru akasimama kwa shida, mkono kiunoni, akaitika kwa Kiha. "Ego, ni mimi."

"Ulinyakuliwa?"

"Na nani, mheshimiwa, na mgongo huu? Nilikuja kwa miguu yangu, nikapumzika njiani mara nyingi tu."

Kuna mtu nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Kwa nini ulihama ulipopangwa?"

"Nilipangwa juu ya mawe. Jembe linalia kama kengele ya kanisa. Hapa muhogo unaingia ardhini."

Mgeni akamgeukia Mzee Ruhaga. "Mwenyekiti, pale ni mawe?"

Mzee Ruhaga akainua macho kutoka viatuni. "Ni mawe, mheshimiwa. Lakini tulishaandika kwamba ni shamba."

Mgeni alianza kutikisika mabega. Akatoa kitambaa, akajifuta macho, akashindwa, akacheka waziwazi. Alipocheka yeye, kijiji kikapata ruhusa.

Alipotulia akasema, "Nimesomewa risala mkoa mzima. Zote zinaniambia mafanikio ni makubwa. Hii ndiyo ya kwanza kunipa habari." Akamwambia karani wake kwamba wakitoka pale wapitie kwa Mzee Ruhaga wakayaone hayo mawe.

Mzee Kashindi hakucheka. Alinisogelea wakati mgeni anaelekea kwenye Landrova, akaninong'oneza bila kugeuza shingo, "Kajembe kako unako? Kanoe."

Lakini mgeni alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. "Mwenyekiti, mmeshatoa jina la kijana wa chuo?"

"Bado, mheshimiwa. Nilikuwa nafikiria mpwa..."

"Mpelekeni huyu. Upesi, kabla hajaandika nyingine."

Ndivyo nilivyokwenda chuo, wakuu. Watu wa kijijini walisema nilifukuzwa kwa adabu. Mimi nasema niliteuliwa na mkubwa wa mkoa mbele ya umati, na kati ya mnaosoma hapa sijui ni wangapi wanaweza kusema hivyo. Chuoni nilifika na cheti, nikaondoka na msingi ulionifikisha kwenye stashahada. Mpwa wa mwenyekiti alikwenda mwaka uliofuata, tukawa marafiki, na mpaka leo anadai risala yake ingekuwa bora.

Mzee Bukuru aliachwa akae. Watu wa juu ya mawe baadaye wakapewa eneo jingine, taratibu, kama mambo ya serikali yanavyokwenda. Yeye alikataa kuitwa mzee tena. Ukimwita hivyo haitiki mpaka useme Nyota.

Funzo langu ni hili. Vijana mnashinda kwenye simu mkifuatilia msanii nani kaachana na nani. Siwakatazi, maana mimi nilijengewa maisha na habari za namna hiyo. Ila mkisoma, okoteni maneno. Neno unalolipata kwenye jambo unalolipenda halitoki kichwani. Mwalimu wangu wa Kiswahili alinichapa mwaka mzima na hakunipa hata robo ya alichonipa yule mtangazaji.

Mkishalipata neno, ulizeni pia linapotumika nani atakuwa amekaa kulia na nani kushoto. Hilo redio haikunifundisha, nilijifunza nikiwa nimesimama, na mama kajifunika kanga.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine aliokota neno kwenye habari za wasanii likamponza, au likamtoa? Mleteni hapa, nipo macho, na chai bado ipo. Kamera pekee siku ile ilikuwa ya ofisi ya mkoa, kwa hiyo msiniombe picha.