Kitanda cha Milimita

Mume wangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Milimita, maana hupima kila kitu. Tulipooana alipima kwanza mlango wa chumba chetu ndipo akatengeneza kitanda, na mpaka leo huwasimulia wageni busara hiyo. Naomba mlikumbuke hilo.

Tunaishi na mama yake. Tangu avunjike nyonga, kiti cha basi hakiwezi. Mdogo wake, ndugu pekee aliyebakiwa naye, yuko mji wa mbali, na yeye miguu imemwisha nguvu. Huongea kwa simu kila jioni, na wakimaliza, mama mkwe hugeukia ukuta. Milimita alishindwa kabisa kuvumilia kuona hivyo.

Basi rafiki yake, fundi gereji, alipotaka kabati la nguo, wakabadilishana: kabati likaenda, gari likaja. Na gari lenyewe sasa! Kigari kizee chenye nyumba ndani: jiko la mafiga mawili, sinki dogo kama bakuli, makochi yaliyooza, na kioo cha mbele kinachovuja hata kwa umande. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Milimita akang'oa makochi, akanionyesha nafasi iliyobaki.

"Mama atasafiri amelala," akasema.

Kicheko kikanikauka. Kuanzia hapo mimi ndiye niliyepagawa kuliko yeye: nikakwangua kutu, nikashona mapazia, nikapiga rangi mpaka nywele zikabadilika.

Kitanda alikitengenezea karakanani. Misumari aliikataa, kwa kuwa gari likitikisika ingelia njia nzima. Akaunga kwa gundi na vijiti vya mbao. Tena alikifanya kizima, maana kiungo cha katikati kingemchoma mama nyonga. Kilipokauka tukampigia mama mdogo kwamba tunakuja kesho yake.

Majirani walijaa uani kutazama kikiingizwa. Kitanda kikafika mlangoni kikagoma. Wakakisimamisha, wakakilaza ubavu, wapi. Alikuwa amepima sakafu, kuta, madirisha, hata kimo cha mama yake. Mlango hakuupima. Milimita mzima! Ningemcheka mwaka mzima, lakini nilimwona ameketi juu ya kitanda chake nje, msumeno mkononi, na moyo ukanishuka. Akikikata, mama hatakilalia.

Ndipo nikakumbuka kile kioo kinachovuja. Mpira mpya wa kukizunguka kingoni ulikuwa umeshanunuliwa, na fundi gereji alikuwa amekuja siku hiyo kuubadilisha.

"Si kioo kinatoka leo?" nikamwuliza.

Wote wakageuka kukitazama. Fundi akatuonya kwamba vioo vya aina hiyo havipatikani tena; kikipasuka, safari imekwisha. Akakata mpira wa zamani, akakisukuma taratibu kutoka ndani, mimi na Milimita tukakipokea kwa nje. Kikatoka kizima, tukakilaza juu ya godoro.

Kitanda kikapita kimelala, juu ya usukani, kama mkate unaoingia tanuri, kikatua mahali pake pasibaki hata pa kuingiza kidole. Uani watu walipiga makofi. Wakati wa kurudisha kioo nilipewa kazi ya kuvuta kamba iliyopitishwa ndani ya mpira, polepole, huku fundi akikandamiza kwa nje, mpaka mpira wote ukaumana na bati. Nilitamani kuanza upya kwa raha niliyoipata.

Milimita akambeba mama yake ili akijaribu. Akalala, akajigeuza huku na huku, asigune. Kisha akauliza kitanda kitatokaje. Mwanawe, kichwa chini, akakiri kwamba hakitoki tena bila kung'oa kioo.

"Basi na mimi sitoki," mama mkwe akasema.

Tulidhani utani. Chakula tulimpelekea humo humo, na simu ya jioni ikamkuta humo humo.

"Niko njiani," akamwambia mdogo wake, na gari lilikuwa bado uani, tena halina mafuta.

Walipomaliza kuongea hakugeukia ukuta. Aligeukia kioo cha mbele.