Macho ya Kulinda Maharage

Mimi ni mtu wa Singida. Nalisema hilo mapema ili ijulikane kwamba kuku nawafahamu vizuri, na kwamba kwa hiki ninachotaka kusimulia sina pa kujifichia.

Serikali ilinipanga kufundisha fizikia Kibondo, baadaye ikanihamishia Kasulu, na tangu hapo kila likizo ya Juni nasaidia kwenye kambi ya roboti ya watoto wa shule. Kambi ni ya wiki mbili, watoto wanalala bwenini, na vifaa vyetu vyote vinaenea kwenye masanduku mawili. Kibondo wanavitumia kwanza, halafu vinakuja kwetu kwa basi vikiwa vimefungwa kamba ya katani. Navipokea stendi na kuvihesabu palepale, kimoja kimoja, huku makondakta wakinipigia kelele nisogee. Wenzangu wananicheka kwa hilo. Waache wacheke. Mota moja ikipotea, watoto wanne watakaa wiki nzima wakimtazama wa tano akifanya kazi.

Sasa, mwaka ninaousimulia alikuja msichana wa darasa la sita kutoka Titye. Siku ya kuandikisha majina alisimama mbele ya meza yangu na begi la mgongoni lililoshonwa upya mikanda, akasema, "Shikamoo, madam. Mimi ni wa wiki moja."

Nilimwambia kambi ni ya wiki mbili.

"Najua. Bibi kanipa wiki moja. Wiki ya pili tunaanika maharage."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika uso unasema kabla ya mdomo. Nilikuwa nimewakataa watoto wengine kwa kukosa nafasi, na huyu ananiletea habari za maharage. Lakini nimekaa nyanda hizi muda wa kutosha kujua kwamba maharage ya Juni si mzaha. Yakishapigwa na kupepetwa yanatandazwa kwenye turubai katikati ya uwanja, juani, siku nyingi, na lazima pawe na mtu wa kukaa hapo kuyageuza na kufukuza kuku. Kazi hiyo ni ya watoto. Kwa huyu, mtoto wa nyumbani alikuwa yeye peke yake. Mama yake alikuwa anapika kwenye mgahawa Kibondo, na bibi aliyemlea alikuwa na mguu mbovu.

Nilimpokea kwa shingo upande. Kufika Jumanne shingo ilikuwa imenyooka yenyewe. Mtoto yule alikuwa anaiweka mota sikioni kabla ya kuifunga, kama fundi wa redio, na akisema hii ni mbovu, basi ni mbovu. Wenzake walipokuwa wanagombania gari la magurudumu manne, yeye alikuwa amejitenga na kile kifaa chenye vikombe viwili vya mviringo mbele, kinachopima umbali wa kitu kwa sauti isiyosikika. Watoto wanakiita macho, maana kweli kinakukodolea.

Alhamisi kila mmoja anatakiwa kutaja shida moja ya nyumbani ambayo mashine inaweza kusaidia. Wengi walitaja mambo ya kwenye televisheni. Yeye alisema, "Kuku."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa anachokitafuta. Mashine ikilinda maharage, yeye atapata wiki ya pili. Tuliijenga siku mbili: macho, bodi ndogo, betri ya kuchaji na king'ora cha plastiki. Kitu chochote kikisogea karibu na turubai, king'ora kinalia mpaka kitu kiondoke. Ijumaa mchana tuliijaribu kwa kuku wa mpishi wa shule. Walitawanyika hadi jikoni, na mimi nilipiga makofi kuliko watoto.

Yeye hakupiga. Alikuwa anaitazama mashine ameuma mdomo wa chini.

"Madam, na bibi akija kugeuza maharage?"

"Italia."

"Itampigia kelele bibi?"

Mtu asiyekaa huku Uha, kwa Waha, hawezi kujua uzito wa swali hilo. Hapa mtoto akimsalimia mkubwa anainama na kupiga makofi taratibu, na salamu yenyewe haina haraka. Kumkemea mzee kwenye uwanja wake ni jambo la kuitiwa kikao. Mtoto alikuwa ananiuliza swali zito kuliko yote niliyoulizwa kambini, na mimi nilikuwa naangalia saa. Nikamjibu, "Bibi ataizoea."

Nikamfungia mashine kwenye taulo, nikampa na betri ya pili ya akiba, maana moja haifiki siku mbili. Nikamwambia akikubaliwa arudi Jumapili, akikataliwa airudishe kwa gari la Jumatatu, na kisipotee hata kiskrubu.

Jumapili jioni alirudi. Kuku walikimbia, alisema, na bibi mwenyewe amemwambia aende, mashine inatosha. Aliyasema hayo akiangalia viatu vyake, nikadhani ni haya za mtoto.

Wiki ile alifanya kazi kama anayekimbizwa. Kengele ya mapumziko ikilia wenzake walikwenda uwanjani, yeye alibaki mezani. Uji alikunywa amesimama. Mara mbili nilimfukuza darasani akalale. Nilifurahi, nasema kweli, tena nilijivuna. Jumamosi tungekuwa na maonyesho na wageni kutoka wilayani, mpaka Buhigwe tulikuwa tumealika walimu, na mimi tayari nilikuwa nimemwambia kila aliyenisikiliza kwamba Titye kuna mashine inalinda maharage muda huu tunaoongea. Kilichokosekana ni video. Jumatano asubuhi nikapanda bodaboda kwenda kuichukua, bila kumwambia mtoto.

Nilimkuta bibi juani. Amekaa kwenye kigoda, kitenge kichwani, mguu mbovu ameunyoosha mbele, na pembeni yake rundo la vijiwe vidogo. Maharage yametandazwa, mekundu, yamegeuzwa vizuri. Kuku walikuwa wamesimama kwa mstari nje ya umbali ambao kijiwe chake kinafika. Walikuwa wameshaupima.

Nilipiga makofi, nikainama, nikasema, "Mwakeye, bibi." Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha, habari za safari, za shule, za kwetu Singida. Ndipo nikauliza mashine iko wapi.

Akanyoosha ufito kuelekea beseni la bati lililofunikwa kifudifudi pembeni mwa uwanja. Jogoo alikuwa amesimama juu yake.

"Imo humo," alisema. "Ililia humo mpaka ikachoka."

"Kwa nini umeifunika, bibi?"

"Mwalimu, mashine yenu ina sauti, adabu haina. Jumamosi nakwenda kugeuza maharage, ikanifokea. Nikasema basi, haijanijua. Ikanifokea tena, mara ya nne jirani akachungulia. Kitu cha mjukuu wangu kinanifukuza kwenye maharage yangu mwenyewe?"

"Na kuku?"

Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Kuku Jumamosi walikimbia. Jumapili asubuhi, mtoto yuko kanisani, walikuja. Ikalia. Wakaitazama. Ikalia. Wakala, inalia."

Nilisimama pale na simu yangu ya kuchukulia video nikaona aibu inanipanda kutoka kwenye visigino. Kuku! Mimi niliyekulia kwenye kuku, niliyemwona mama yangu akining'iniza makopo na vitambaa na kuku wakiyazoea kabla jua halijazama. Nilikuwa nayajua hayo yote, na siku ile nilipiga makofi kwa sababu king'ora kilikuwa changu. Nilimwambia mtoto kwamba bibi atazoea. Waliozoea ni kuku.

"Kwa hiyo mtoto alipokuwa anaondoka ulikuwa unajua haifanyi kazi," nikasema.

"Yego. Nilijua."

"Ukamwambia inafanya kazi."

"Ningemwambiaje? Angebaki." Alirusha kijiwe, jogoo akashuka kwenye beseni bila haraka. "Mimi nimefukuza kuku tangu sijang'oa meno ya utoto. Mama yake kafukuza kuku. Huyu apumzike wiki moja, si kitu. Ila weye usimwambie. Akijua atarudi, na mimi nimeshakaa."

Nilitaka kubaki nimsaidie hata nusu siku. Akakataa, akasema mwalimu akikaa hapa wale watoto wengine watafundishwa na nani. Nikageuza maharage mara moja, kwa mikono, naye akanielekeza kwamba nayageuza vibaya. Kisha nikamwahidi. Niliondoka na mashine imefungwa kwenye taulo lake, na video sikuchukua.

Njia nzima nilikuwa napanga uongo. Mimi si hodari wa kudanganya. Nina ulimi mkali, na ulimi mkali umezoea ukweli. Nilipofika shuleni wenzake walikuwa wanakula. Yeye alikuwa peke yake darasani, amefungua bodi mbili, anaandika kitu kwenye daftari. Niliona kichwa cha habari: "Kuku na bibi, tofauti." Chini yake alikuwa amechora mistari ya miguu, anahesabu mwendo. Kuku hatua fupi fupi na anasimama. Bibi anaburuta mmoja.

Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nilikuwa na safari ya upande wa Titye nikapita kwao. Bibi hajambo. Mashine inafanya kazi vizuri, nimeichukua tu tuionyeshe Jumamosi, na maharage yamebakiza kidogo kukauka.

"Asante, madam," alisema.

Halafu akavuta begi lake kutoka chini ya meza. Akatoa mfuko wa karanga ambao hakuwa ameugusa, akaufungua. Katikati ya karanga, ndani ya kipande cha kitenge kilichofungwa fundo, ilikuwa betri ya pili.

"Niliikuta Jumapili nilipofika bwenini," alisema. "Bibi ndiye aliyenifungia karanga."

Bibi hakusoma fizikia, lakini alijua kitu kisichotumika hakiachwi kipotee, hasa kikiwa cha mwalimu mkali. Na mtoto alipoiona tu alijua mashine imezimwa, maana bila betri ya kubadilishia isingelinda kitu, na alijua ni nani amekaa pale juani. Tangu Jumapili! Uji alikuwa anakunywa amesimama na hilo kichwani, na mimi namsifia bidii.

Nilikaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi. Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia, kwa nini hakurudi nyumbani.

"Nilishashika begi, madam. Nilifika mpaka getini." Akaifunga tena betri ndani ya kitenge, fundo lilelile. "Lakini nikaona nikirudi, bibi atakuwa amenidanganya bure."

Aliisogeza kwangu juu ya meza ili niihesabu na vifaa vingine. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike kambini, aliniangalia usoni.

"Ukipita tena, usimwambie kwamba najua."

Nikamwahidi na yeye.