Kiacholi cha Afande Nandutu

Siku Romano alipokuja kumposa Nandutu, mama wa binti alisikia Kiswahili mlangoni, akakimbilia nyuma kuwafungia kuku. Ilikuwa Mbale, mwaka 1990. Kwa mwanamke wa umri wake, Kiswahili kilikuwa lugha ya wanaume wenye bunduki wanaoingia bila hodi. Romano alipiga hodi mara tatu, akasubiri.

Alikuwa koplo, Mwacholi mrefu kutoka upande wa Kitgum, aliyehamishiwa kambi ya Mbale. Nandutu alikuwa Mgisu wa miaka ishirini na minne, askari magereza mwenye mwaka mmoja kazini. Hakujua Kiacholi hata neno. Romano hakujua Kigisu. Kiingereza walikuwa nacho cha kusomea amri tu. Basi wakachumbiana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili, na binti yao Norah alipozaliwa akakuta hicho ndicho kilichopo nyumbani. Hakikuwa cha vitabuni. Kilikuwa cha kambini, kila kitu "iko", na heshima yote imetiwa ndani ya neno moja, afande. Nandutu alimwita mumewe afande, na mumewe akamwita yeye afande, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea.

Kazi iliwahamisha hadi Jinja. Romano alistaafu akiwa sajini mwaka 2012, wakajenga nyumba ya vyumba viwili Kimaka, si mbali na chuo cha jeshi. Nandutu aliendelea na zamu zake gerezani.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019, polepole kama mchwa. Romano alitia chumvi kwenye chai. Alikwenda dukani, akarudi kuuliza alikuwa ametumwa nini. Asubuhi moja alivaa buti na kusimama uani akingoja gari la kambi lililokuwa limekoma kuja miaka saba nyuma. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, mgonjwa anatunzwa tu. Majirani wengine walisema karogwa, wengine wakasema ni damu za vitani zinamfuata. Nandutu hakubishana na yeyote.

Kisha Kiswahili kikaanza kumtoka. Alikuwa akitafuta jina la kitu, akalikosa, akaweka la Kiacholi mahali pake. Kilichobomoka hakikujengwa tena. Kufikia katikati ya mwaka 2022 alikuwa hasemi ila Kiacholi, na mkewe akimjibu kwa Kiswahili alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kusalimia. Norah, aliyekuwa mwalimu Mbale, alisikia sauti ya baba yake kwenye simu akauliza, "Baba anasema nini?"

"Sijui," alisema Nandutu. "Mimi pia sijui."

Romano alianza kutoka nyumbani bila kuaga. Mara mbili alirudishwa na watu, mara moja kutoka langoni mwa chuo, mara nyingine kutoka njia ya kuelekea mtoni. Nandutu alikuwa na zamu ya asubuhi, na hakuwa na mtu wa kumwachia. Akanunua kufuli. Kila siku aliweka chakula mezani, jagi la maji na redio, akafunga mlango kwa nje, akaenda kazini. Alikuwa amefunga milango ya watu kwa miaka zaidi ya thelathini. Alijiambia huu ni mlango mwingine tu.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba. Siraj, fundi cherehani aliyekaa ng'ambo ya barabara, alisikia kioo kikivunjika. Alipofika alikuta mkono wa Romano umetoka kati ya vyuma vya dirisha, umechanika kuanzia kiwiko, na mzee anaita maneno yaleyale mawili bila kunyamaza. Siraj aliufunga mkono ule kwa kitambaa cha suruali ya mteja, akampigia simu Nandutu, akabaki nje ameushika. Nandutu alifika kwa bodaboda, na sare yake mwilini. Watu walikuwa wamejaa uani. Mwanamke mmoja alisema, wala hakupunguza sauti, "Afande ameleta gereza nyumbani."

Nandutu alijaribu funguo tatu kabla ya kupata ya kufuli. Zahanatini walimshona Romano nyuzi tisa.

Kesho yake Siraj alikuja, akaketi bila kuvua kofia yake ya kushona.

"Umekuja kunisema?" Nandutu alimuuliza.

"Hapana, afande. Nimekuja kukueleza. Unamjua baba yangu, Mzee Mubaraka. Yeye ana ugonjwa huuhuu. Mimi nilimfunga mguu kwenye kitanda, miezi miwili. Nilitumia kitambaa kizuri, nikafunga fundo zuri, la fundi. Nilikuwa natoka nje kushona na kumwacha hivyo."

Nandutu aliketi mbele yake.

"Sasa Alhamisi tunakwenda Wanyange," alisema Siraj. "Njooni nasi."

Wanyange palikuwa na ukumbi mdogo wa kanisa uliotazama ziwa, ambao kila Alhamisi asubuhi uliachiwa kikundi cha Racheal, muuguzi mstaafu. Racheal alikianzisha baada ya kuwazika wazazi wake wote wawili kwa ugonjwa huo. Wagonjwa kumi na wawili, au tisa, au kumi na watano, kutegemea mvua. Waliwekewa kazi ambazo mikono huzikumbuka hata kichwa kikisahau, kama kubambua karanga, kukunja nguo na kuchambua mchele. Waliimba nyimbo za kanisani, na Mzee Mubaraka naye akapewa nafasi yake ya kaswida, na Wakristo wakamwitikia vibaya lakini kwa moyo. Waliowatunza walikaa upande wa pili na chai yao, na huko kulikuwa na sharti moja tu, kwamba hakuna kumhukumu mwenzio.

Alhamisi ya kwanza Nandutu hakukaa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiwahesabu wagonjwa kwa macho.

"Afande," Racheal alimwambia, "hapa hakuna anayetoroka. Kaa unywe chai."

Akakaa. Kutoka hapo alimwona mumewe kwenye mkeka wa karanga karibu na mwanamke mnene aliyevaa gauni la gomesi. Huyo aliitwa Margret, mjane wa polisi, Mwacholi, ambaye mumewe alikufa kwa ugonjwa huo lakini yeye hakuacha kuja. Romano alikuwa akimsimulia jambo refu. Halafu akacheka. Nandutu alikuwa hajasikia kicheko hicho kwa karibu mwaka mzima.

Watu walipoanza kuondoka alimfuata Margret. "Alikuwa anasema nini?"

"Anasema karanga hizi ni za nani, mbona ndogo hivi. Anasema huyu aliyezipanda hana aibu."

Nandutu alimuuliza basi kuhusu yale maneno mawili, yale ya dirishani, aliyoyasikia kila siku akidhani ni kelele za ugonjwa. "Pii," alisema. "Pii, halafu dyangi. Kila asubuhi ni hivyo."

"Pii ni maji," alisema Margret. "Dyangi ni ng'ombe. Anataka kuwapeleka ng'ombe mtoni, dada yangu. Jua limepanda na hawajanywa. Mtoto aliyechelewesha ng'ombe kwetu anapigwa."

Nandutu alisema ahsante. Akaenda nyuma ya ukumbi, kwenye bomba, akaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Racheal alimwona akamwacha.

Tangu wiki ile hakufunga mlango tena. Alibadilishana zamu na mwenzake, ili asubuhi awe nyumbani, na kila siku saa moja alitoka na Romano kuteremka hadi mtoni. Romano alitangulia na fimbo. Njiani alipiga mluzi, akafokea hewa, akasimama kungoja aliyebaki nyuma. Wakifika ukingoni alikaa kimya kama robo saa, hadi aliporidhika kwamba wote wamekunywa, halafu wakarudi. Akisharudi alitulia hadi mchana. Watu wa Kimaka walimcheka mwanzoni askari magereza anayechunga ng'ombe wasioonekana. Baadaye wakazoea.

Mchana, siku zake za zamu, ulikuwa wa kikundi. Jumatatu na Jumatano Romano alikaa kibandani kwa Siraj, pamoja na Mzee Mubaraka, wakitenganisha vifungo. Jumanne na Ijumaa Margret alikuja mwenyewe, mara nyingine na bakuli la malakwang, yale majani machachu yaliyopikwa na karanga, ambayo Romano aliyala hadi kulamba vidole. Racheal alizungumza na vijana wa bodaboda, na Nandutu mwenyewe akaenda langoni mwa chuo kuwaeleza walinzi mumewe ni nani na afanyiwe nini akitokea.

Mpango huo ulijaribiwa mwaka uliofuata, mwezi wa pili. Siraj aligeuka kumpima mteja, na alipogeuka tena Romano hayupo. Walimtafuta saa nzima. Dereva wa bodaboda aitwaye Kirunda ndiye aliyemkuta mbali kidogo, akitembea kwa hasira katikati ya barabara. Kirunda alikuwa Msoga, ila alikuwa amefundishwa maneno mawili, akayachanganya na Kiswahili.

"Mzee! Dyangi wameshakunywa pii. Wote. Wamerudi nyumbani."

Romano alisimama. Akamwangalia, akauliza kitu ambacho Kirunda hakukielewa. Kirunda akaitikia kwa kichwa, na mzee akapanda pikipiki.

Wakati huo Nandutu alikuwa amenunua daftari. Margret alimtajia, naye akaandika maneno ya njaa, baridi, maumivu, kaa hapa, usiogope, nimekuja. Ulimi wake ulikuwa mzito na Margret hakuwa mwalimu mvumilivu. Alistaafu mapema mwaka huo wa 2023 na kupata muda zaidi wa daftari. Romano hakuonekana kushangaa kwamba mkewe sasa anasema Kiacholi. Alimjibu tu, kama aliyekuwa akisubiri.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Kuna siku Romano alimpiga mkewe kofi alipokuwa anamwogesha. Kuna Alhamisi alimnong'oneza Margret kitu huku akimwonyesha Nandutu kwa kidevu, na Margret akainamia karanga zake.

"Sema," Nandutu alimwambia.

"Ameuliza huyu mama ni nani."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia ni mtu wa nyumbani. Akasema sawa, kwa sababu anapika vizuri."

Nandutu alilirudia hilo kwenye benchi la walezi, na watu walicheka, na yeye akacheka, na Siraj akamwongezea chai.

Romano alikufa mwezi wa nane mwaka 2024, kifua kilipomshika kwa wiki mbili. Walimpeleka kwao, upande wa Kitgum. Ndugu zake kwa miaka thelathini na nne walikuwa wakisema mke Mgisu alikataa lugha yao kwa kiburi. Kaburini mjane alipopewa nafasi, kila mtu alitazama huku na huku akitafuta mkalimani. Nandutu alisema sentensi saba kwa Kiacholi. Alisema Romano alikuwa mtu wa kupiga hodi. Alisema miaka ya mwisho alikuwa na ng'ombe wengi na hakupoteza hata mmoja. Katikati alikosea neno, na dada mkubwa wa marehemu akamsahihisha kwa sauti palepale, mbele ya padri. Nandutu akalirudia neno lilivyotakiwa, akaendelea. Jioni dada huyo alimletea maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata Nandutu alikodisha nyumba ya Kimaka, akahamia kwa Norah, Namakwekwe mjini Mbale, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la mkaa. Hakukaa mwezi mmoja kabla ya kuanza kuuliza. Aliuliza kwenye mabomba ya maji, saluni, kwa wauza nyanya: nani ana mzee anayesahau? Wengi walisema hakuna. Alijua jibu hilo linavyotolewa kwa aibu, kwa hiyo alirudi tena wiki iliyofuata. Norah aliongea na shule ya chekechea, wakapewa darasa moja kila Jumamosi, lenye viti vya kufika magotini.

Jumamosi ya kwanza alikuja Norah peke yake, wakala karanga wenyewe. Ya pili, kama saa tano, alitokea mwanamume wa miaka sitini na kitu, Amir, muuza vipuri vya baiskeli, amemshika mkono mkewe Nabifo. Nabifo alikuwa ameuza vitambaa sokoni miaka mingi. Aliona nguo za watoto zilizorundikwa kwenye kona, akaketi chini na kuanza kuzikunja, pembe kwa pembe.

Amir alimtazama, kisha akamgeukia Nandutu. "Mama, samahani. Yeye anapata nafuu hapa?"

"Hapana," alisema Nandutu. "Ugonjwa hauponi. Wewe ndiye utapata watu."

Amir alifikiri kidogo. Akasema saa tano ni kuchelewa, mkewe huchoka na kuanza kulia adhuhuri ikikaribia. Wakakubaliana Jumamosi ijayo waanze saa tatu.