Apolinary Alivyoitema Kahawa ya Anatolia

Anatolia wa Rubafu alikuwa mwoga mpaka jogoo wake mwenyewe alimfukuza jikoni. Sisi majirani tulimcheka sana. Mwaka themanini na nane mumewe Kagaruki akafa kwa Juliana, ndivyo tulivyouita UKIMWI siku zile, kicheko kikatuishia.

Niliyoyaona kwenye matanga yale mpaka leo yananichukiza. Shemeji zake walitoka Bukoba mjini, wakakaa wiki nzima. Kikombe cha Anatolia wakakitoa nje, juu ya kigogo, kama cha mbwa. Akikaa mkekani, wanainuka. Lakini ndizi alizopanda yeye walikula mpaka wakalegeza mikanda. Kikombe kinaambukiza, mgomba hauambukizi! Apolinary, mdogo wa marehemu, alikuwa anapima kibanja, shamba lile la migomba, kwa hatua, kaburi bado bichi.

"Ukoo ukishakaa Jumamosi, urudi kwenu Muleba," akamwambia. "Watoto tunabaki nao."

Anatolia alikuwa Mlutheri, na kusoma alijifunzia kwenye kipaimara tu, kwa kidole. Kila asubuhi tulimsikia akisoma Isaya, pale Mungu anaposema usiogope, mimi nipo pamoja nawe, nitakutia nguvu, nitakushika kwa mkono wangu wa kuume. Anakwama, anarudi mwanzo.

"Jogoo tu hajamweza," akasema mke wangu Clotilda, "ataweza ukoo?"

Jumamosi wazee wakakaa. Anatolia akatoka chumbani na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Kwetu Uhayani ukiingia nyumba ya mtu unapewa punje za kahawa. Mwenyeji anatafuna kwanza, nawe unapokea. Ukikataa, umeikataa nyumba. Mikono ilimtetemeka mpaka punje zikawa zinalia kikapuni. Akatafuna moja, akamnyooshea Apolinary nyingine.

"Karibu, shemeji."

"Nimeshiba."

"Punje moja itakupasua tumbo?"

"Weka chini, nitachukua mwenyewe."

"Hapana, shemeji. Kutoka mkononi mwangu. Nyumba unayoitaka ndiyo hii, na kahawa yake ndiyo hii."

Mzee Kamugisha, mkubwa wa ukoo, akakohoa. "Apolinary, pokea."

Akapokea kwa ncha za vidole, akatia mdomoni. Halafu akageuka, akatema kwenye leso, akafuta ulimi. Ulimi, jamani! Mbele ya wazee, ndani ya nyumba ya kaka yake!

"Basi," akasema Kamugisha. "Nyumba uliyoitema huirithi. Ma Anatolia, leta hapa."

Akanyoosha kiganja, akatafuna. Msimsifu sana, maana wiki nzima naye hakumpa mama yule mkono. Tukapokea wote, mmoja mmoja, macho chini, mimi nikiwa wa mwisho. Wakakubaliana kibanja kibaki kwa mjane na wanawe.

Baadaye nikamuuliza, "Ma Anatolia, hukuogopa?"

"Niliogopa, tena sana. Lakini nilishaambiwa nitashikwa mkono. Nikaona niende hivyo hivyo, natetemeka."

Wale wa mjini waliondoka jioni ileile bila kuaga. Juu ya gari walikuwa wamefunga mikungu mitatu, mikubwa kuliko yote, waliyoikata kwenye kibanja chake wakati sisi tunamshikashika mikono ya pole.