Sauti Niliyoisikia Nikanyamaza

Siku ile, mwanangu, sijaisahau hata leo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kaka yako Mugisha, ambaye hukumwona, alikuwa na miezi minne. Utumbo wake ulijisokota, tukampeleka hospitali kubwa, akapasuliwa. Muuguzi, mama wa makamo kutoka Muleba, aliponirudishia mtoto aliniambia:

"Wakati wa upasuaji aliwekewa mrija kooni apate kupumua. Tumeutoa, lakini koo linaweza kuvimba. Ukisikia anavuta pumzi kwa sauti, niite hapohapo."

Nikaitikia. Baada ya chakula cha mchana sauti ikaanza, nyembamba, ya kukwaruza, kila alipovuta pumzi. Mama wa kitanda cha pili akasema, "Anakoroma tu huyo, amechoka." Nikapenda kumwamini. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Tena, nikwambie ukweli, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Nyumbani tulisema Kinyambo, na asubuhi ile wenzangu wodini walinicheka nilipokosea neno. Nikaona haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa na bado nikaficha.

Nikakaa nikimtazama. Mbavu zikaanza kubonyea, midomo ikabadilika rangi. Muuguzi alipopita mwenyewe, akamnyakua. Wakampa hewa, wakamvutisha dawa ya mvuke, wakajaribu kurudisha mrija. Koo lilikuwa limeziba. Mugisha hakufika jioni.

Muuguzi akaketi kando yangu.

"Mama Mugisha, mbona hukuniita?"

"Nilikosa maneno, mama."

"Ungenishika mkono ukanivuta. Ningeelewa."

Hakunifokea. Angenifokea, labda ningepata nafuu. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba, na baba yako hakuniuliza lolote mpaka anakufa.

Sasa mwanao naye anatolewa mrija wa kooni kesho, ndiyo maana nimetoka Nyakakika kuja kukueleza. Wengi hupona, usife moyo. Ila usimtoe machoni. Ukisikia sauti anapovuta pumzi, ukiona kifua kinabonyea au anashindwa kunyonya, ita. Wakikwambia subiri na hali inazidi, ita tena. Usisikilize kwa masikio ya jirani. Aibu ya kuonekana msumbufu huisha siku hiyohiyo; hii yangu nimezeeka nayo.

Mungu amfungulie pumzi mwanao, mwanangu. Akue, aote mvi, aje akuzike wewe, usimzike yeye.