Kanga wa Anastasie

Mwaka 1976, katika mtaa wa Rwambuzi pale Bunia, Anastasie alichonga ndege kanga kwenye ubao. Alitumia patasi ndogo, akapaka wino mweusi, akalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ndege akatokea na madoadoa yake yote. Kazi hiyo alifundishwa na masista akiwa msichana. Ubao ulikuwa na fundo gumu lililomshinda, basi akaliacha chini ya mguu wa ndege, kama jiwe.

Aliuza karatasi sita sokoni. Siku ya tatu jirani yake Élise aliingia, akafunga mlango kabla ya kusalimu.

"Anastasie, ile jiwe si jiwe. Iko kichwa ya chui. Watu wanasema ndege yako inakanyaga chui."

Anastasie alitazama. Masikio, pua, kweli vilikuwepo, na yeye hakuwahi kuviona. Chui alikuwa alama ya Chama kilichotawala na ya mkubwa wa nchi. Fundi redio mmoja wa mtaa ule alichukuliwa mwaka uliopita kwa neno dogo kuliko hilo, na mkewe alikuwa bado hajui alipo.

Mumewe, Katsuva, aliupasua ubao kwa shoka. Wakaupikia maharage.

Kesho yake askari alileta wito: aende kwa komisere wa zone, mkuu wa wilaya. Alipofika, karatasi yake moja ilikuwa mezani.

"Citoyenne, ni weye ulifanya hii ndege?"

"Ni miye, citoyen," alijibu; siku hizo kila mtu aliitwa hivyo, raia.

"Iko muzuri. Wageni wanatoka Kisangani. Lete kumi na mbili ya namna hii, siku ya posho."

Kusema ubao umechomwa kungekuwa kukiri kwamba alijua habari ya chui. Akaitika tu.

Alichonga upya siku nne, akajikata kidole gumba mara mbili. Ubao mpya haukuwa na fundo. Akichonga lile jiwe, sasa atakuwa amechonga chui kwa makusudi. Asipolichonga, komisere ataona.

"Nifanye namna gani?" alimwuliza Katsuva.

"Acha pale wazi."

Jumamosi, ndiyo siku ya posho, komisere aliweka karatasi mpya kando ya ile ya zamani. Kidole chake kilishuka polepole mpaka mguuni.

"Hapa kulikuwa kitu."

"Ilikuwa ugonjwa ya mbao, citoyen. Nilitoa."

Komisere alizikusanya karatasi mpya. Kisha akaikunja karatasi ya zamani mara nne, akaitia mfukoni.

"Vizuri. Enda."

Hakuna aliyekuja kumchukua. Mwaka uliofuata komisere alihamishwa, na karatasi ile akaenda nayo. Anastasie aliendelea kuchonga, maua tu. Kabla ya kupaka wino aliugeuza ubao huku na huku mbele ya mumewe.

"Unaona nini?"

"Maua."

"Angalia tena."